Kanda ya VHS ya harusi ya mama inatiririka, kamera yangu inarukaruka: nimekosea fremu au shata?

BintiChumbageni, Tanga

Shikamooni wakubwa, na wenzangu salaam.

Napiga video za harusi hapa Tanga, mwaka wa pili sasa. Mdogo wangu ndiye anashika kamera ya pili, ambayo ni simu. Kamera yangu aliniletea kaka kutoka Marekani, imetumika lakini nzima. Picha za mnato hazina neno. Shida iko kwenye video.

Wiki iliyopita mama alitoa kabatini kanda ya harusi yake ya 1996, tukaipeleka kwa fundi akaihamishia kwenye flashi. Rangi zimechujuka, sura za watu wa nyuma hazitambuliki, lakini mwendo! Shangazi anaingia uwanjani na leso kiunoni, mkono wenye noti unapanda hadi kwenye paji la uso la mwimbaji, unashuka, unapanda tena, kama maji yanavyomwagwa. Halafu nikaweka yangu ya mwezi uliopita. Taarabu vilevile, shangazi yuleyule, ila kaongeza miaka. Anakwenda kwa kurukaruka, kila hatua kama kuna mtu anamsukuma mgongoni. Mama akatazama kidogo akaniuliza, "Hii yako mbona inakwamakwama?" Usiku ule sikupata usingizi vizuri.

Nimefungua faili moja moja kwenye kompyuta nione nilivyopiga. Ukumbini: fremu (yaani picha) 60 kwa sekunde, shata, ule muda jicho la kamera linakaa wazi, 1/125 ya sekunde, tundu la lenzi f/2.8, na ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, 6400. Kwenye ukuta mweupe nyuma ya jukwaa kuna mistari mipana ya kiza inatembea muda wote. Ufukweni Raskazone, saa tisa alasiri, jua kali: fremu 24, kwa sababu niliambiwa 24 ndiyo ya sinema, f/2.8, ISO 100, na shata nikaiachia kamera yenyewe, ikachagua 1/3200. Simu ya mdogo wangu: fremu 30, mengine yote otomatiki. Vyote hivyo nimevimwaga kwenye taimulaini moja ya fremu 24 ndani ya programu ya kuhariri.

Kwenye menyu ya kamera naona 24, 30, 60 na 120 tu. Hiyo 25 ninayosikia watu wakiitaja siioni popote. Jumamosi ijayo nina harusi nyingine, na bi harusi ni binti wa jirani yetu. Naomba mnielekeze kabla sijaharibu kumbukumbu za watu.

Mbagala_Matukio

Dada, rahisi tu. Piga 60 kila mahali, ukifika nyumbani unazishusha hadi 24. Shata iwe mara mbili ya fremu, kwa hiyo 1/125 yako ni sahihi kabisa, hiyo ndiyo sheria ya wapiga video dunia nzima. Mistari ni taa mbovu za ukumbi. Mwambie mwenye ukumbi abadilishe taa.

FundiWaKanda, Unguja

Marahaba mwanangu.

Kazi hii nimeianza 1993 na kamera ya VHS ya begani, kwa hiyo kanda ya mama yako najua ilivyopigwa hata kama sikuwepo. Nianze na hiyo, maana jibu lako limo humohumo.

Kamera ile haikumpa mpigaji mengi ya kuchagua. Mfumo wetu wa televisheni ulikuwa PAL, picha 25 kwa sekunde, lakini kila picha imekatwa nusu mbili: kwanza mistari ya witiri, kisha mistari ya shufwa. Nusu hizo hazikuchukuliwa wakati mmoja. Baina ya moja na ya pili imepita sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Maana yake mkono wa shangazi yako ulitazamwa mara 50 katika kila sekunde, na kila mara jicho la kamera lilikaa wazi kwa muda huohuo wa 1/50, basi likifumba tu limeshafumbua tena. Hakukuwa na mwanya wa mkono kupotelea. Ndiyo maana unauona ukipanda wote, kuanzia kiunoni hadi kwenye paji la uso.

Na hiyo 50 haikuokotwa njiani. Umeme wa Ulaya unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, na waliotengeneza televisheni kule waliufuata umeme wao. Umeme wetu sisi, Bara na Visiwani, ni 50 vilevile. Marekani umeme wao ni 60, ndiyo maana televisheni yao ikawa 30 na 60. Kamera yako imetoka kule na bado imewekwa kwa umeme wa kule.

Sasa tazama hesabu ya ukumbini. Umepiga 60 ukaitia kwenye 24. 60 ukiigawa kwa 24 unapata mbili na nusu. Programu ya kuhariri haiwezi kuchukua nusu ya fremu, kwa hiyo inaruka mbili, kisha tatu, kisha mbili, kisha tatu. Shangazi alikuwa anakwenda sawasawa na ngoma, wewe umempa hatua fupi, hatua ndefu, hatua fupi, hatua ndefu. Huko ndiko kukwama anakokuona mama. Na simu ya mdogo wako nayo: 30 kwenye 24, kila fremu tano moja inatupwa. Macho hayajui kuhesabu, lakini yanajua kwamba kuna kitu kimepotea.

Mistari ukutani ni habari nyingine, na hapa nampinga kijana wa Mbagala, kwa heshima. Taa za ukumbi si mbovu. Umeme wa mizunguko 50 huifanya taa ipande na kushuka mara 100 kwa sekunde, kwa sababu kila mzunguko una vilele viwili. Macho yetu hayaoni. Kamera inaona. Pigo moja la mwanga ni 1/100. Ukifungua shata kwa 1/100, kila mstari wa picha unapata pigo moja kamili. Ukifungua 1/50, unapata mapigo mawili kamili. Ukifungua 1/125 unapata pigo lisilotimia, na kwa kuwa sensa, ile sehemu ya ndani ya kamera inayopokea mwanga, inasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, mstari huu unaangukia kwenye mwanga mwingi, ule unaangukia kwenye mwanga mchache. Hiyo ndiyo mistari yako. Ukumbi uleule, taa zilezile, ungekuwa 1/100 usingeiona.

Fanya hivi leo, usingoje Jumamosi. Toa kila kilichomo kwenye kadi uhifadhi mahali pengine, kisha ingia kwenye menyu utafute palipoandikwa NTSC, ule mfumo wa Marekani, na PAL. Chagua PAL. Kamera nyingine zitakutaka usafishe kadi upya, ndiyo maana nimesema toa vitu kwanza. Ikiwaka tena utaziona 25, 50 na 100 ulizokuwa unazikosa.

Ukumbini, kwa dansi na kutunza, weka fremu 50 na shata 1/50.

Najua nitaambiwa nimevunja sheria ya mara mbili. Sheria hiyo ina mahali ilipotoka. Kamera za sinema zilikuwa na sahani inayozunguka mbele ya filamu, na nusu ya sahani imekatwa. Nusu ya mzunguko mwanga unaingia, nusu filamu inavutwa kwenda fremu inayofuata. Kwa fremu 24, nusu yake ni 1/48. Watu wakazoea ukungu wa kiasi hicho kwenye vitu vinavyotembea, na hadi leo ndio tunaouita wa sinema. Ni mazoea mazuri, nami nayafuata ninapopiga 25 kwa 1/50. Lakini kwenye kamera ya sasa hakuna filamu ya kuvutwa, kwa hiyo unaweza kupiga 50 na shata ikae wazi 1/50 nzima, kama ile VHS.

Faida yake ni hii. Ile kanda ndefu ya kupewa familia, ya saa mbili au tatu, itoe kwa fremu 50, utapata mwendo wa kanda ya mama yako kwa sura safi za leo. Ile fupi ya dakika tano yenye muziki, itie kwenye taimulaini ya 25: programu itachukua fremu moja na kuruka moja, sawasawa bila kuchechemea, na kila fremu iliyobaki ina 1/50 yake, yaani ukungu uleule wa sinema. Umepiga mara moja, umepata kanda mbili za tabia mbili. Na mwanga umeongezeka. Kutoka 1/125 kuja 1/50 ni mara mbili na nusu, kwa hiyo ISO 6400 yako inashuka hadi 2500 na zile chengachenga kwenye nyeusi za buibui zinapungua.

Hasara ni moja. Ukitaka kuipunguza mwendo iende nusu, shela likipepea kwa mfano, fremu zilizopigwa 1/50 zitaonekana na ukungu mwingi. Kwa kipande hicho peke yake panda hadi 1/100 na ukubali ISO kuongezeka mara mbili. Na hiyo 120 usiiguse ukumbini. Fremu 120 na taa zinazopiga 100 hazikubaliani hata kidogo, kila fremu inaangukia mahali tofauti pa mwanga, na ukiipunguza mwendo picha nzima inapumua, inang'aa na kufifia.

Ufukweni kosa ni kinyume chake. Pale 1/3200 imekata kila tone la maji. Watu wanadhani video laini ni ile ambayo ukisimamisha fremu yoyote inakuwa kali kama picha ya pasipoti. Sivyo. Fremu kali 24 zikifuatana ni picha 24 zilizopangwa, na katikati ya moja na nyingine hakuna kitu. Ukungu mdogo ndio unaoziunganisha. Nenda kwenye kipande chako cha Raskazone, simamisha pale wimbi linapovunjika: matone yamesimama kama shanga zilizokatika uzi, mguu wa bwana harusi umegandishwa hewani. Ukiicheza, inatetemeka.

Dawa ni miwani ya jua kwa lenzi, ile filta ya ND. Kutoka 1/3200 kuja 1/50 ni mara 64 kamili, na filta inayoitwa ND64 inapunguza mwanga mara 64 kamili. Kwa hiyo unabaki na f/2.8 yako, ISO 100 yako, na shata inakuja 1/50. Zipo za kuzungusha, zinazotoka giza dogo hadi kubwa, ni rahisi kwa kazi ya harusi kwa sababu mawingu hayamngoji mtu, ila ukiizungusha hadi mwisho inakutilia alama ya msalaba mweusi katikati ya picha. Isimamishe kabla haijafika huko.

Kama Jumamosi filta haijapatikana, funga tundu la lenzi hadi f/11. Hapo shata inashuka hadi 1/200 kwa jua lilelile. Kisha waombe maharusi mkae kivulini, chini ya mwarobaini, au msogeze mambo hadi saa kumi na moja jioni. Utafika 1/50 au karibu yake bila kununua kitu.

Jambo la mwisho kwa leo. Usipeleke kamera haraka kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine. Kwa fremu 25, kitu kilichosimama kikitoka ukingo mmoja wa picha kwenda wa pili chini ya sekunde 7 hivi, macho yanaanza kukiona kikirukaruka, hata shata ikiwa sahihi. Bi harusi akitembea, tembea naye, umuweke palepale kwenye picha. Huko nyuma acha kutie ukungu.

MpembaRiyadh

Naongezea kidogo kwenye maneno ya Fundi, maana mimi hili limenipata.

Nilianza kupiga video Muscat, kwa ndugu zangu, fremu 25 na shata 1/50, kila kitu safi. Nikahamia Riyadh. Rafiki akaniita kwenye akika ya mwanawe, nikaenda na namba zangu zilezile, nikarudi nyumbani ukuta mzima una mawimbi ya kiza. Kumbe Oman umeme ni 50, Saudia ni 60. Taa za hapa zinapiga 120 kwa sekunde, na 1/50 haigawanyiki humo: unapata mapigo mawili na kipande.

Nilidhani itabidi nihamie 30. Haikuhitajika. Niliacha fremu 25, nikabadili shata peke yake kuwa 1/60, mistari ikaondoka. Tangu hapo nimeshika jambo moja: fremu nazichagua kwa ajili ya taimulaini na mtazamaji, shata naichagua kwa ajili ya taa zilizo mbele yangu. Dada, hata ukishindwa kabisa kuipata PAL kwenye hiyo kamera, piga 30 na uweke 1/50 au 1/100 kwa mkono, mistari haitakusumbua Tanga.

NyaliSimuTu

Salaam aleikum kutoka Mombasa. Hakuna aliyemsemea mdogo wake Binti na ile simu.

Simu ina shida mbili. Ya kwanza, kwa simu nyingi tundu la lenzi halifungi wala halifunguki, kwa hiyo juani haina la kufanya ila kukimbiza shata, mara 1/2000, mara 1/4000. Ya pili ni mbaya zaidi na wengi hawaijui: fremu zenyewe hazitulii. Umeandika 30, lakini ukiingia gizani nyingine hushuka zenyewe ili zipate mwanga, ukitoka zinapanda. Kwenye kuhariri unaona midomo ya shekhe inaachana na sauti, mwanzo kidogo, kufika dakika ya ishirini ni vituko. Mimi ilinitokea kwenye hotuba ya nikahi, ikabidi nikate sauti vipande vipande usiku kucha.

Tumia programu inayokuruhusu kufunga namba. Blackmagic Camera ni ya bure, ipo ya iPhone na ya Android kwa simu kadhaa. Funga fremu, funga shata, funga ISO, funga na rangi ya mwanga. Zipo filta ndogo za ND za kubana kwenye simu, nazo zinafanya kazi.

Ila kuhusu 25 mimi sikubaliani na Fundi kwa kila hali. Wateja wangu wa Mombasa wanatazama kwenye simu, basi. Vioo vingi vya simu vinajichora mara 60 kwa sekunde. Video ya 30, kila fremu inachorwa mara mbili, sawasawa. Video ya 25 haigawanyiki: fremu moja inakaa mara 2, nyingine 2, nyingine 3, halafu 2, halafu 3. Kwenye mwendo wa polepole nauona mtetemo huo, na nimeuonyesha wenzangu nao wameuona. Kwa hiyo kazi za mitandaoni napiga 30 na shata 1/50, taa za Kenya ni 50 kama zenu, na sijalalamikiwa.

FundiWaKanda, Unguja

Nyali, umesema kweli, na 30 kwa 1/50 ni mchanganyiko mzuri. Mimi wateja wangu bado wanaweka flashi kwenye televisheni ya sebuleni, ukoo mzima umekaa kwenye jamvi, ndiyo maana nimeng'ang'ania 25 na 50. Binti atajua watu wake wanatazamia wapi. Ninachomsisitizia ni kwamba kamera na simu ziwe za ukoo mmoja: ama 25 na 50, ama 30 na 60. Zikichanganywa, hakuna shata itakayookoa.

Nimekumbuka jambo jingine, nalo ni la jenereta, kwa sababu umeme wa Jumamosi hauna ahadi.

Unguja tulikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima, na harusi hazikusimama. Kila harusi niliyopiga miezi ile ilikuwa ya jenereta. Ya kwanza ilikuwa shamba, taa za tyubu zimefungwa kwenye minazi, nami nimetia 1/50 yangu nikiwa na uhakika. Nikaona kwenye kioo cha kamera kivuli chepesi kinashuka juu ya kanzu za watu, kinapotea, kinarudi. Wapiga taarabu wakiwasha vikuza sauti, kivuli kinageuza njia, kinapanda. Nilidhani kamera imekufa. Shekhe alikuwa ameshaanza khutba ya nikahi, siwezi kumsimamisha. Kipande kile hadi leo kina vivuli, na nikikutana na baba wa yule binti bado moyo unaniuma.

Jenereta ndogo haikai kwenye 50. Ikiwa haina mzigo inakimbia, 52, wakati mwingine 53. Ikibebeshwa friji na vikuza sauti inazama, 49, 48. Taa zinafuata. Kamera nyingine zina shata ya kurekebisha kidogo kidogo, 1/50.3, 1/51, 1/52, na kuendelea. Kama yako inayo, elekeza kwenye ukuta mweupe au kanzu nyeupe, zungusha polepole huku unatazama kioo, pale kivuli kinaposimama na kufutika acha hapo. Mzigo ukibadilika utarudia. Kama haina, baki 1/50, usipande hata kama una mwanga wa kutosha, kwa sababu kadiri shata inavyokaa wazi mapigo mengi zaidi ndivyo kivuli kinavyopungua nguvu. Jenereta za inverta hizi za siku hizi zinatulia zaidi. Na beba taa yako ya betri, hata ndogo. Taa nzuri ya betri haina habari ya 50 wala 60. Nyuso zikipata mwanga wako, kivuli kinabaki ukutani, hakimgusi bibi wala bwana.

Zile taa za rangi za jukwaani, za zambarau na buluu, ni ukoo mwingine kabisa. Hazifuati umeme. Nyingi zinapunguzwa mwanga kwa kuzimwa na kuwashwa kwa kasi. Nenda mapema, mtafute kijana wa taa kwa jina lake, mwombe azipandishe hadi mwisho kisha azime baadhi badala ya kuzipunguza zote. Zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho nyingi huacha kutetemeka.

Na kabla ya kwenda kokote, washa pangaboi nyumbani. Lala chali chini yake uipige 1/3200, kisha 1/200, kisha 1/50. Tazama mapanga yake. Utakuwa umejifunza mengi zaidi kwa dakika tatu kuliko haya yote niliyoandika.

Mbagala_Matukio

Mzee, nimejaribu usiku huu chini ya tyubulaiti ya chumbani. 1/125 mistari ipo. 1/100 hakuna. Miaka mitatu nawalaumu wenye kumbi. Asante sana.

BintiChumbageni, Tanga

Wakubwa, narudi na majibu. Harusi ilikuwa jana.

PAL ilikuwepo, imejificha ndani kabisa kwenye ukurasa wa mwisho wa menyu, na kamera ilidai kadi isafishwe kama mlivyosema. Pangaboi nililipiga Alhamisi, mimi na mdogo wangu tumelala sakafuni. Kwa 1/3200 mapanga yalisimama yamepinda kama upanga wa jambia, yanarukia huku na kule, na kuna wakati yalionekana yanarudi nyuma. Kwa 1/50 likawa duara la moshi linalozunguka. Mdogo wangu akasema, "Kumbe hivi ndivyo ninavyoliona kwa macho." Tukaelewana hapohapo.

ND64 sikuipata Tanga, nimeagiza Dar. Tulipiga ufukweni saa kumi na moja na nusu, f/8, shata 1/50, jua limeshalainika. Wimbi linavunjika linakuwa pamba. Simu tuliifunga 25 na 1/50. Ukumbini 50 kwa 1/50, ISO 2500, ukuta mweupe ni mweupe tu, sijaona mstari. Umeme haukukatika. Kijana wa taa alikubali kupandisha zote isipokuwa moja ya zambarau iliyo kwenye kona ya kushoto, hiyo bado inatetemeka kidogo, nimeikwepa kwa kusogea.

Leo asubuhi nimewawekea nyumbani kwenye televisheni, ile ndefu, sijakata kitu. Shangazi anaonekana, jirani kamwalika naye, kaingia kutunza na khanga mpya. Mama alitazama hadi mwisho wa wimbo, akainama mbele, akaniuliza, "Hebu rudisha nyuma. Hiyo aliyompa ni elfu kumi au elfu tano?"